Tiba ya kufuata kidole kwa macho kwa aliyebakwa: je, ni tiba ya kweli, na sisi wa Kigoma tuanzie wapi?

Dada Mkubwa, Kigoma, anauliza:

Heshima kwenu nyote mtakaosoma. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 24, naye ameniruhusu kuandika mradi nisimtaje jina. Miezi minane iliyopita alibakwa na mtu anayefahamika mtaani kwetu. Kesi imefunguliwa na maelezo yake yameandikwa polisi, sasa anasubiri kuitwa mahakamani. Mwilini amepona: alifikishwa hospitali siku ya pili, akapewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na kuzimaliza zote, na vipimo vilivyofuata vilitoka salama.

Lililobaki ndilo lililotushinda. Hapiti tena njia ya Kibirizi, ingawa huko ndiko alikokuwa akinunua dagaa kwa ajili ya biashara yake, na mtaji wake umekwisha kwa sababu hiyo. Pikipiki ikisimama karibu na nyumba baada ya magharibi, hutetemeka na kutokwa na jasho hata awe amekaa katikati yetu. Usiku huamka akipiga kelele, na ukimwuliza anasema hakuwa anaota, bali jambo lile lilikuwa linatendeka upya. Shangazi zetu wa Ujiji wamemfanyia kisomo mara tatu, na kila mara hutulia siku mbili au tatu kisha hali hurudi ilivyokuwa.

Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, ambako mhudumu alimtaka asimulie kila kitu tangu mwanzo mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa katika mafunzo, kisha akamwandikia vidonge vya usingizi na kumwambia ajitahidi kusahau. Tangu siku hiyo amekataa kuonana na mnasihi yeyote. Anasema hatasimulia tena isipokuwa mbele ya hakimu.

Wiki iliyopita binamu yetu aliyeko Dar es Salaam alitueleza kwamba ipo tiba ambayo mgonjwa hufuata kwa macho kidole cha tabibu kikienda kushoto na kulia, na kumbukumbu mbaya hupungua nguvu. Ningependa kujua kama jambo hili ni la kitaalamu au ni maneno tu, kama mgonjwa analazimika kusimulia, na kama kumbukumbu ikipunguzwa nguvu haitaharibu ushahidi wake. Binamu ametutumia pia video inayoonyesha namna ya kufanya, na ninajiuliza kama naweza kumfanyia mwenyewe hapa nyumbani, kwa kuwa sijui huku kwetu ningemwona nani.

Muuguzi wa Akili, Tabora, anajibu:

Dada Mkubwa, poleni sana, wewe na mdogo wako. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, na ningeomba nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: tafadhali usimfanyie kwa kufuata video. Sababu nitaieleza huko mbele.

Tiba yenyewe ni ya kitaalamu. Jina lake kwa kifupi ni EMDR, kutokana na maneno ya Kiingereza Eye Movement Desensitization and Reprocessing, na aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987, akitembea katika bustani, aliona kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalilegea wakati macho yake yalipokuwa yakienda huku na huko. Akalifanyia kazi jambo hilo, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Kisa cha bustanini kiliwafanya wengi waicheke tiba hii kwa miaka mingi, na sishangai, maana hata mimi nilipoisikia kwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe (yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha), miongoni mwa tiba linazozipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye maradhi ya msongo unaofuata kiwewe. Dalili ulizozitaja, yaani kurudiwa na tukio, kukwepa mahali na vitu vinavyolikumbusha, na mwili kuwa katika tahadhari wakati wote, ndizo dalili za maradhi hayo zinapozidi mwezi mmoja.

Kwa waliobakwa hasa, utafiti umefanyika. Mwaka 1997 mtafiti Barbara Rothbaum wa Marekani aliwapa wanawake waliobakwa vikao vitatu tu vya tiba hii, nao wakapata nafuu kubwa kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliilinganisha na tiba nyingine ambayo mgonjwa husimulia tukio mara nyingi hadi woga upungue. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo.

Sasa, inafanyaje kazi? Mimi huwaeleza wagonjwa wangu kwa mfano wa kanga. Kumbukumbu ya kawaida huchakaa kama kanga inayofuliwa kila wiki: rangi hupauka, lakini jina lililoandikwa chini bado linasomeka. Kumbukumbu ya kiwewe ni kanga iliyofungiwa sandukuni siku ileile, ikabaki na rangi zake kali na harufu yake ya dukani, na kila sanduku likifunguka humrukia mtu usoni kana kwamba imenunuliwa leo. Maelezo yanayoungwa mkono na majaribio mengi ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Mgonjwa anapoishika ile picha huku akifuata kidole, picha hukosa nafasi ya kutosha, ikapauka, na inaporudishwa ghalani hurudi ikiwa imepauka vilevile. Ndiyo maana baadhi ya matabibu hutumia kugonga mikono kwa zamu, au sauti inayobadilishana masikio, kwa wagonjwa wenye shida ya macho.

Jambo ambalo video hazionyeshi ni kwamba macho hayaanzi siku ya kwanza. Tiba ina hatua nane. Kwanza tabibu huchukua historia, kisha humfundisha mgonjwa namna ya kujituliza, na hasogei mbele mpaka aone kwamba anaweza kujituliza kweli. Baada ya hapo huchaguliwa picha moja iliyo mbaya zaidi, na pamoja nayo neno ambalo mgonjwa analiamini juu ya nafsi yake kwa sababu ya tukio. Kwa waliobakwa neno hilo mara nyingi ni «nimechafuka» au «mimi ndiye niliyejitakia», na kwa maoni yangu neno hilo huumiza kuliko picha yenyewe. Mgonjwa hutaja pia neno ambalo angependa kuliamini badala yake, kisha hupima uchungu wake kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Hapo ndipo kidole huanza, kwa mafungu mafupi ya karibu nusu dakika. Baada ya kila fungu tabibu huuliza tu: «Kimekuja nini sasa?» Mgonjwa hujibu kwa neno moja au mawili, nao huendelea hadi namba ishuke. Kabla ya kufunga, tabibu huangalia kama kuna sehemu ya mwili ambayo bado imekaza, na kikao kinachofuata huanza kwa kukagua kilichopita. Kikao kimoja huchukua kati ya dakika 60 na 90.

Hapo umeshapata jibu la swali la kusimulia. Tabibu anahitaji kujua kwamba picha ipo na inauma kwa kiasi gani, lakini si lazima aambiwe kilichomo ndani yake. Mgonjwa anaweza kusema «ile ya mlangoni» na ikatosha. Kwa mtu aliyesimulishwa mbele ya wanafunzi, nadhani hili ni jambo kubwa kuliko kidole chenyewe. Katika jamii zetu mwanamke aliyebakwa hubeba aibu isiyo yake, na kila anaposimulia huhisi kwamba anavuliwa nguo mara ya pili.

Nirudi kwenye hatari ya kufanya nyumbani. Kuifungua kumbukumbu ni rahisi, kuifunga ndiko kunakohitaji ujuzi. Wapo wagonjwa ambao katikati ya kikao huganda, macho yakawa wazi lakini wao wenyewe hawapo, na tabibu asiyejua kuwarudisha anaweza kuwaacha katika hali mbaya kuliko aliyowakuta nayo. Wewe pia ni dada yake. Ukiwa tabibu wake, usiku atakapoamka na hofu atamkimbilia nani?

Yapo unayoweza kufanya. Anapotetemeka, mwambie akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona chumbani, ashike maji ya baridi. Lipo pia kumbatio la kipepeo, lililobuniwa nchini Mexico baada ya kimbunga Pauline kupiga Acapulco mwaka 1997: mtu hupishanisha mikono kifuani na kujigonga mabega polepole, la kulia kisha la kushoto, huku akipumua. Afanye hivyo kwa kujituliza tu, bila kuliita tukio. Kuhusu vidonge vya usingizi, kama ni vya jamii ya diazepamu, havitibu kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halivipendekezi kwa dalili hizi hata katika mwezi wa kwanza. Hata hivyo, kama amevitumia kila siku kwa muda mrefu asiviache ghafla, amwone daktari amshushie kidogo kidogo.

Msomaji wa Uvinza anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya muuguzi, lakini naomba kuuliza bila kumkosea mtu heshima. Je, hili si kiini macho kwa maana yake halisi? Kama mgonjwa anatulizwa, anakumbuka mbele ya mtu anayemwamini, na anapewa neno jipya la kuamini, huenda hayo ndiyo yanayoponya na kidole ni pambo tu.

Muuguzi wa Akili, Tabora:

Ndugu yangu wa Uvinza, swali lako limewagawa hata mabingwa. Mwaka 2001 watafiti waliokusanya majaribio yaliyokuwapo walihitimisha kwamba macho hayaongezi kitu. Mwaka 2013 wengine walikusanya majaribio zaidi wakaona kwamba yanaongeza. Mimi naegemea upande wa pili, lakini sitagombana na anayeegemea wa kwanza, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana kwamba wagonjwa hupata nafuu. Na tabibu hamlazi mgonjwa usingizi kama baadhi ya watu wanavyodhani. Mgonjwa huwa macho, anajua alipo, na anaweza kuinua mkono wakati wowote kikao kikasimama.

Aliyepita Huko, Tabora, anajibu:

Dada Mkubwa, sina utaalamu wowote. Nilifanyiwa kitendo hicho nikiwa na miaka 19, nikakaa nacho kimya miaka sita, na nilipokwenda kusoma nje ya nchi nikapata bahati ya kufanyiwa tiba hii. Nitasema machache ambayo mtaalamu hawezi kuyasema, kwa sababu yeye hukaa kiti cha upande wa pili.

Vikao viwili vya mwanzo havikuwa na macho kabisa, nami nikaona ninapotezewa muda. Katika cha tatu macho yaliniuma, tabibu akanipa vitu viwili vidogo vya kushika mikononi, vinavyotikisika kwa zamu. Nilitazamia kuiona sura ya mtu yule. Kilichonijia kwanza kilikuwa harufu ya mkaa, kwa sababu kulikuwa na jiko nje ya chumba kile, na kwa miaka yote sita nilikuwa sili chakula kilichopikwa kwa mkaa bila kujua sababu. Mafungu kadhaa baadaye lilinijia wazo ambalo hakuna aliyenifundisha: kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nililijua hilo siku zote, hata nililiandika polisi, lakini nafsi yangu ilikuwa ikinishtaki kwa kutokimbia. Siku hiyo mashtaka yalikwisha. Nililia kwa muda mrefu, na tabibu hakusema neno.

Sikusahau. Ninakumbuka tarehe, chumba, na rangi ya pazia. Tofauti ni kwamba sasa ninaikumbuka nikiwa mahali nilipo, sirudishwi kule.

Nikuonye jambo moja: siku mbili baada ya kila kikao ndoto ziliongezeka na mwili ulichoka kama niliyelima kutwa. Mtu wa nyumbani akijua hivyo mapema hataogopa na kudhani kwamba tiba imemharibu. Na ikiwezekana siku hiyo asipangiwe kazi wala wageni.

Afisa Ustawi wa Jamii, Kigoma, anajibu:

Dada, shikamooni kwa walionizidi umri. Nitajibu kuhusu mahakama na kuhusu mahali, maana ndiyo kazi yangu.

Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba ushahidi bora wa kosa la kubaka hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Lakini alichoeleza Aliyepita Huko ndicho ninachokiona kazini: shahidi aliyetibiwa hueleza kwa mpangilio, na asiyetibiwa huganda kizimbani, akakosa hata kutaja siku. Maelezo ya mdogo wako yameshaandikwa polisi, hilo ni jema, kwa sababu yanaonyesha alichokisema kabla ya tiba yoyote. Mjulisheni wakili wa serikali anayeendesha kesi kwamba anaanza matibabu, ili utetezi usije ukalifanya jambo hilo kuwa siri iliyofichuliwa. Na mkimpata tabibu anayemwambia mgonjwa «hebu tafuta vizuri, lazima kuna jambo jingine umelisahau», ondokeni. Tabibu mwema hachimbi kumbukumbu wala hamwekei mgonjwa maneno kinywani. Mdogo wako ajue pia kwamba sheria inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha. Hatasimama mbele ya mtaa mzima.

Kuhusu mahali, nitakuwa mkweli: waliofundishwa tiba hii nchini ni wachache, na hakuna mgonjwa wa Kigoma anayeweza kusafiri kila wiki zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli hadi Dar es Salaam na kurudi. Hata hivyo, tangu janga la UVIKO-19 matabibu wengi duniani wamekuwa wakiitoa kwa njia ya video, tabibu na mgonjwa wakionana moja kwa moja, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kufuata video iliyorekodiwa. Linahitaji chumba chenye faragha, mtandao usiokatika, na mtu wa karibu aliye nyumba hiyohiyo endapo mgonjwa atazidiwa.

Ila ningekushauri usianze kwa kutafuta jina la tiba. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili na ofisi ya ustawi wa jamii, au upitie Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ambalo tayari linalo jalada lake. Uulize maswali matatu: je, kuna mtu aliyefundishwa kutibu kiwewe kwa njia yoyote ile, je, ataonana naye peke yake bila wanafunzi, na je, ni mwanamke kama mgonjwa atataka hivyo. Akipatikana mtu wa tiba ya fikra na tabia, msimkatae kwa sababu hatumii kidole. Ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wanawake zaidi ya 400 walionusurika ukatili wa kingono. Waliofanyiwa tiba ya kuchambua fikra kwa vikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa mmoja mmoja wa kawaida, na waliowahudumia walikuwa wanawake wa vijijini mwao wenye elimu ya sekondari kiasi, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Hayo yalifanyika katika vijiji ambako vita ilikuwa haijakwisha, wakati huku tuna amani na reli. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu kila mwaka naandika kwenye ripoti kwamba tunahitaji mafunzo ya namna hiyo.

Kisomo cha shangazi kiendelee kama kinamtuliza. Wanaosema mchague kimoja wanawachosha bure.

Kwa wasomaji wengine ambao tukio kwao ni la jana au juzi: dawa za kuzuia VVU zina saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina hadi saa 120, japokuwa zote mbili hufaa zaidi zikiwahiwa. Aliyetendewa akiwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Dada Mkubwa, Kigoma:

Nimemsomea mdogo wangu majibu yenu nyote kwa sauti, naye alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Aliposikia habari za harufu ya mkaa aliacha kuchambua. Baadaye akaniuliza mambo mawili niwafikishie: kama anaweza kujibu kwa Kiha, kwa sababu mambo yale hayamjii kwa Kiswahili, na kama anaweza kukaa karibu na mlango. Akikubaliwa hayo, anasema atakwenda Maweni, mradi tusiende siku ya kliniki ya wajawazito, kwa sababu majirani zetu wengi huwapo.

Muuguzi wa Akili, Tabora:

Mwambie Kiha kinafaa, hata kama tabibu hakijui vizuri, kwa kuwa kinachohitajika baada ya kila fungu ni neno moja tu na namba. Kiti cha karibu na mlango akiombe mara tu anapoingia, kabla hajaulizwa jina. Namna atakavyojibiwa itamwonyesha kama huyo ni mtu wa kuendelea naye. Nendeni asubuhi, muwe wawili, na wewe ubaki nje kwenye benchi hadi atoke.